Mamba wa Bi Mwanamvua

Siku hizi nakaa Mkuza. Nina bomba uani kwangu, na wajukuu wanaliacha likichuruzika kutwa. Nikiwafokea wanacheka, wanasema bibi ana wivu na maji. Waseme tu. Mimi niliwahi kuishi mahali ambapo mtu alikwenda kuteka maji bila kujua kama atarudi, na mwanamke aliyetuwezesha kurudi alikufa akiitwa mchawi. Mpaka leo ukifika Mnyonyoni wanalitaja jina lake wakimaanisha ubaya. Nimechoka kulisikia hivyo, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mnyonyoni ni kijiji cha kando ya mto Ruvu, upande wa Mlandizi. Mwanamvua binti Saburi alizaliwa hapo, akaolewa hapo, akafiwa na mume hapo hapo. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume. Ukimwamkia asubuhi, marahaba yake ilikuja na lawama juu: mbona umechelewa shamba, mbona mtoto anakohoa na hujampeleka zahanati. Sitasema alikuwa mtu mtamu. Nilimpenda hivyo hivyo.

Kazi yake ilikuwa wigo. Ruvu ina mamba, na watu wa pale tangu zamani walikuwa wakipigilia miti migumu ndani ya maji, mti ubavuni mwa mti, kuizunguka sehemu ya kutekea kuanzia ukingo hadi ukingo, kisha wakaifunga kwa kamba za magome. Humo ndani ndimo walimooga na kuteka. Na hata humo mwanamke hakuinama. Alisimama pakavu akateka kwa kata ya kifuu yenye mpini mrefu, kidogo kidogo mpaka ndoo ijae. Masika na vuli zilipokaribia, kila nyumba ilileta mti mmoja, na mtunza wigo akaingia majini kuziba palipooza. Mtunza huyo alikuwa mume wa Bi Mwanamvua. Alipofariki, wanaume walitazamana, maana kazi ya kusimama nje ya wigo maji yakiwa kifuani hakuna anayeigombea. Bibi akajifunga msuli wa marehemu, akachukua nyundo yake ya mti, akaingia.

Nilimwona akifanya hivyo mwaka niliofika, mwaka wa Operesheni Vijiji, serikali ilipokuwa ikiwahamishia watu vijiji vipya. Sisi tulitoka Matombo, milimani Morogoro. Mume wangu Didas alikuwa amepewa kazi ya kuendesha trekta la kijiji. Kabla ya kuingia, Bibi alisimama ukingoni akayapiga maji kwa ufito muda mrefu, midomo ikicheza. Nilimwuliza baadaye alikuwa anasema nini.

"Nasoma dua, mwanangu. Wee ungesoma nini pale?"

Wigo ule ulikuwa umejengwa kwa ajili ya nyumba chache za wenyeji. Operesheni ilipotuleta sisi wengine, kijiji kilifura ghafla, na kila asubuhi foleni ya ndoo ilitoka mtoni hadi barabarani. Bi Mwanamvua akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Husseini, kumwomba miti ya kuupanua. Husseini hakuwa mtu mbaya. Alikubali, miti ikakatwa, Didas akaiburuta kwa trekta. Lakini ikaja habari kwamba wageni wa wilaya watakuja kuliona ghala letu jipya, na ghala lilikuwa halina paa. Miti ikaenda kwenye paa.

"Husseini," Bibi alimwambia mbele ya watu, "mahindi hayaliwi na mamba."

"Vuli ijayo, mama," Husseini akajibu akicheka. "Vuli ijayo utapata mingine."

Wasichana na wake za watu waliochoka foleni wakaanza kwenda nje ya wigo. Chini kidogo kulikuwa na jiwe bapa, zuri kwa kufulia. Bibi aliwafukuza kila alipowakuta, wakawa wanamkimbia huku wanacheka. Mwamvita hakukimbia. Alikuwa bibi arusi wa juzi juzi, mchangamfu, mwenye majibu yake mdomoni.

"Kwani huu mto wako, bibi?"

"Ukiendelea kukaa hapo, mtoto wee, siku moja utaondoka bila kuaga."

Tuliokuwa kwenye foleni tulisikia wote. Wengine waliguna.

Siku chache baadaye, maji yakiwa mekundu kwa mvua za masika, Mwamvita alikuwa kwenye lile jiwe anafua. Hapakuwa na ukelele. Nilisikia tu chubwi, kama debe limeanguka, nikageuka nikaona jiwe tupu na sabuni juu yake. Kisha nikaiona kanga yake katikati ya mto. Ilikuwa inakwenda juu, kinyume na maji. Sijawahi kuona kitu kilichonitisha kuliko kile, na mpaka leo nikiiona kanga ya rangi ile sokoni napita upande mwingine.

Akaja Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, na bunduki yake, akakaa ukingoni kutwa mbili, akaua mamba mmoja. Alikuwa mfupi. Walipompasua walikuta mawe na mifupa ya samaki. Bwana Nyama akasema wapo wengine, tuwe waangalifu, akarudi mjini. Watu wakarudi majumbani na jibu jingine kabisa.

Pale Mnyonyoni wanasema kuna mamba wa Mungu na kuna mamba wa mtu. Mamba wa Mungu anakula samaki na mbwa, unaweza kumpiga risasi. Anayechukua binadamu ni mamba wa mtu, ana mwenyewe anayemfuga na kumtuma, na huyo risasi haimwoni. Kwa hiyo akichukuliwa mtu, hakuna anayeutazama mto. Wanatazamana wao kwa wao. Sitawacheka, kwetu milimani nako tuna upuuzi wetu. Lakini hasira yangu haijapoa.

Maana ukiwauliza ni nani anayeingia majini na haguswi, jibu lilikuwa moja. Ni nani anayeyapiga maji na kuyasemesha? Ni nani aliyemwambia Mwamvita kwamba ataondoka bila kuaga?

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala. Husseini alisimama kwenye ngazi, jasho linamtoka.

"Ndugu wananchi, serikali haiamini uchawi. Chama hakiamini uchawi. Lakini kijiji kinataka amani." Akamwonyesha Bibi kwa mkono. "Tunamwomba mama yetu ahamie Magindu kwa kaka yake, Mzee Mashaka, mpaka mambo yatulie."

Nilisimama bila kuitwa. Nikasema miti ya kuwazuia hao mamba iko juu ya ghala mbele yao, watazame paa. Nikasema na mengine ambayo Didas alinigombeza usiku kucha kwa ajili yake. Mama mmoja akanijibu taratibu kwamba mimi mgeni, mambo ya mto siyajui. Wakamgeukia Bibi, wakamwuliza kwa nini alimtamkia Mwamvita maneno yale.

"Kwa sababu sikutaka afe," alisema. "Angekuwa adui yangu ningemwacha afue."

Angeweza kuvumilia kufukuzwa, lakini kulikuwa na Tatu. Tatu alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake Mwanaamina, aliyemlea mwenyewe tangu anaachishwa ziwa. Baba wa mtoto akakataa aondoke naye, akisema hampeleki mwanawe kwa mtu wa namna ile. Bibi akapanda trekta la Didas na mkeka na sufuria zake. Aliniita karibu.

"Mama Leodegar, kata yangu nimemwachia Tatu. Asiiname. Hata akicheka na wenzake, asiiname."

Nilimwahidi.

Trekta halijarudi, vijana walikuwa wameshaingia mtoni kuung'oa wigo. Walisema mchawi aliacha mlango humo wa kupitishia mnyama wake. Wakaiburuta ile miti pakavu, wakaichoma moto, na wazee wakatazama tu. Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo watu wanaoogopa kuliwa wanauchoma ukuta wao wenyewe.

Kiangazi kile kilikuwa cha raha. Mto ulipungua, mchanga ukaonekana, watoto wakaogelea mpaka ng'ambo na wanawake wakafua popote walipotaka. Hakuna aliyeguswa. Watu wakawa wananiambia kwa upole, unaona, Mama Leodegar? Na mimi niliona. Niliona mamba wamefuata vina vya juu kwa sababu maji yamekauka, na kwamba maji yatarudi. Didas alinichomekea fito kadhaa pale nilipotekea, vijana wakazing'oa siku hiyo hiyo. Kila jioni nilimshukuru Mungu, na hofu haikunitoka hata kidogo.

Vuli ilianza kwa mvua ya usiku mmoja. Asubuhi maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye majani. Tatu alikwenda kuteka na rafiki yake Mboni, binti wa Husseini, wa umri wake. Tatu alisimama pakavu, akateka kwa kata. Mboni alikuwa na debe, na kwa debe huteki umesimama. Akainama.

Tatu alirudi peke yake. Alikuwa ameishika ile kata kwa mikono miwili na hakutaka kuiachia, hata tulipomvua nguo zilizolowa. Hatukusikia sauti yake siku nyingi.

Ungedhani sasa wataelewa. Waliketi matanga ya Mboni, na kabla hayajaanuliwa ilikuwa imeshakubaliwa kwamba Bi Mwanamvua anamtuma mnyama wake kutoka Magindu kwa hasira ya kufukuzwa. Ikaamuliwa uende ujumbe kumwomba radhi. Tukachaguliwa Mzee Mbaraka wa msikitini, Husseini mwenyewe, na mimi, kwa kuwa Bibi alinipenda. Tukabeba mbuzi.

Magindu ni nchi ya ng'ombe, mto hakuna. Tulimkuta Bibi kwenye lambo, anachota maji ya matope katikati ya kwato. Alipotuona aliweka ndoo chini.

"Nani?" Hakungoja salamu. "Tatu?"

"Tatu mzima," nikasema.

"Basi nani?"

"Mboni wangu, mama," Husseini akasema.

Bibi akamshika mkono. "Pole, mwanangu. Pole sana." Na Husseini, aliyemhamisha kwa hotuba, akalia palepale ng'ombe wakimpita.

Tulipofika kwa kaka yake na kuketi, Mzee Mbaraka ndiye aliyezungumza. "Binti Saburi, tumekukosea. Tumekuja na mbuzi. Tunakuomba umwite mnyama wako."

"Mbaraka, tumekua pamoja. Mie nina mamba?"

Mzee aliinamisha uso. "Watu wanasema unaye."

"Nikisema sina?"

"Tutarudi hivyo hivyo."

"Na wigo? Mmeujenga tena?"

"Wigo hauzuii mamba wa mtu, dada yangu. Hakuna atakayeleta mti."

Bibi akainuka, akaniita nyuma ya zizi.

"Tatu alikuwa karibu naye kiasi gani?"

Nikamwambia ukweli. Angenyoosha mkono angemgusa.

"Na atarudi kuteka pale pale."

"Atarudi, bibi. Maji mengine hakuna."

"Nikiwaambia ndiyo, mamba ni wangu, watanisikia?"

Nilielewa anakokwenda. "Watakusikia. Lakini hawatakusamehe mpaka unakufa. Na Tatu je? Nani atakuja kuposa kwa mjukuu wa mchawi?"

"Kwanza awepo wa kuposwa," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya hasira kuliko ya huzuni, akayafuta kwa kiganja chenye tope. Kisha akarudi walipokaa wanaume.

"Haya," akawaambia. "Mamba ni wangu."

Mzee Mbaraka alifumba macho. Nilimwona amepata faraja, na nilitaka kumpiga.

"Nitamfunga," Bibi akaendelea. "Lakini ana masharti yake. Kila nyumba ilete miti miwili, migumu, si fito. Kila masika na kila vuli. Wigo ufike mpaka kwenye jiwe bapa. Mtu asiteke nje yake, asiiname, na mtoto asiende peke yake. Nyumba ikikosa kuleta miti, mimi simjibii."

"Miti migumu iko mbali sasa, mama," Husseini alisema kwa sauti ndogo.

"Iko kwenye paa la ghala lako."

Husseini akatazama chini. Naamini yeye alielewa. Alilibomoa paa lile wiki hiyo hiyo, na wilaya ilipomwuliza alisema ni mchwa.

Wigo haukuwahi kujengwa vile. Watu ambao kwa ajili ya kulinda watoto wao walikuwa hawaleti hata ufito, kwa woga wa mchawi walileta magogo. Bibi aliingia majini kama kawaida yake, akayapiga, akasoma dua yake, na watu wote wakasimama mbali, wanaamini anazungumza na mamba wake.

Akaishi nao hivyo. Nyumba yake ikawa mwisho wa kijiji kwa sababu walio jirani walihama. Walimwamkia wakiwa mbali na kupita haraka. Kwenye harusi hakuitwa, na chakula alichopika hakuna aliyekionja ila mimi, Mwanaamina na Tatu. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba aliacha kufoka. Zamani akikufokea ulimjibu, mkacheka. Sasa akifungua mdomo mtu alikimbia kutekeleza, naye akaona haya, akanyamaza.

Hakuna aliyechukuliwa tena. Ulipita mwaka, ukapita mwingine, yakaja mafuriko yakapita, na watoto wa Mnyonyoni wakakua wote. Nilidhani miaka itamsafisha. Nikawa nawaambia wanawake wenzangu, ni miti hiyo, ni kutoinama, hakuna mamba wa mtu. Wakanijibu kwamba kama mamba hakuwa wake, mbona anamtii? Kila mwaka uliopita bila msiba mtoni ulikuwa ushahidi mwingine juu yake.

Tatu akawa mwari mzuri, mpole kupita kiasi. Ikaja posa kutoka Kisarawe, watu wa heshima, na mahari ikaanza kuzungumzwa. Walilala Mnyonyoni siku moja. Asubuhi waliaga mapema, na hatukuwaona tena. Bibi alikwenda mtoni akafunga kamba kutwa nzima, hata pasipohitaji.

Alifariki masika ya mwaka themanini na nne, kwa homa. Tuliomwosha tulikuwa mimi, Mwanaamina na Tatu. Mimi Mkristo sikustahili kuwa pale, lakini wenye haki ya kuja walikataa kuja. Jeneza lilibebwa na wanaume wachache, Husseini mmoja wao, amezeeka, na alilia tena kama siku ile kwenye lambo.

Wakati huo Tatu alikuwa na mchumba mwingine, fundi cherehani wa Sofu, kijana asiyejua habari za mto wetu. Nilikuwa nimeanza kumshonea Tatu foronya. Niliwaza, haya, Bibi ametangulia, na jina lake litatangulia naye, mtoto atapumua.

Siku ya kuanua matanga wakaja wazee na kina mama, wakaketi mkekani mbele ya Tatu. Maji yalikuwa yamepanda na kuung'oa wigo upande mmoja, na tangu Bibi afariki hakuna nyumba iliyoleta mti. Watoto walikuwa wameanza kwenda tena kwenye jiwe. Mwanamke mmoja akajikaza akauliza.

"Mwanangu Tatu, tunataka kujua tu. Marehemu kamwachia nani mnyama wake?"

Tatu alinitazama. Nilimtikisia kichwa, nikimsihi kwa macho aseme hakuna, aseme kafa naye, aende zake Sofu akaolewe. Yeye akaichukua ile kata ya mpini mrefu iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akaiweka mapajani.

"Mimi," akasema. "Na ana masharti yale yale. Miti miwili kila nyumba."

Kesho yake jua halijapanda, njia ya mtoni ilikuwa imejaa miti.